Kampuni moja, injini mbili: kisa cha Triumph Stag

Leo sitaandika kuhusu seva wala simu. Nitaandika kuhusu gari, lakini msinikimbie, maana mtaona wenyewe kwamba mambo ni yale yale yetu ila yamepakwa grisi.

Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma habari za magari ya michezo ya Uingereza ya miaka ya 1960 na 1970, hasa yale yaliyobadilishwa injini. Kwetu Kenya kubadilisha injini si jambo la kushangaza mtu. Fungua boneti ya Land Rover kuukuu na mara nyingi utakuta injini ya Toyota au Isuzu, na mwenyewe hana la kuficha: ile ya kwanza ilikufa, hii ilipatikana, maisha yakaendelea. Huko Uingereza ni tofauti. Gari la kale lenye injini isiyo yake linaweza kugombanisha marafiki. Na katika magari yote ya aina hiyo, sijaona lenye kisa kitamu na kichungu kama Triumph Stag. Lakini ili kuielewa Stag lazima tuanzie mbali kidogo, Marekani, kwa injini ambayo wenyewe waliitupa.

Mwaka 1961 kampuni ya General Motors ilileta injini ndogo ya V8, yaani silinda 8 zilizopangwa safu mbili kama herufi V. Jambo geni ni kwamba bloku na hedi zote zilikuwa za aluminiamu. Ukubwa wake ulikuwa lita 3.5 na uzito kama kilo 144, wakati V8 za chuma zilizozoeleka zilipita kilo 200. Ikatiwa kwenye Buick Special na Oldsmobile F-85, na Pontiac Tempest chache pia. Kwenye karatasi, injini safi kabisa. Kiwandani ikawa taabu. Kumimina aluminiamu kwenye kalibu wakati huo hakukuwa kumezoeleka, bloku nyingi zilitoka na vitundu vidogo vilivyovuja, na gharama ikapanda. Halafu wenye magari walipotia dawa ya rejeta isiyofaa aluminiamu, uchafu ulijaa na rejeta zikaziba. (Shikeni hilo la maji, litarudi.) Wakati huohuo mafundi wa chuma walijifunza kumimina bloku nyembamba na nyepesi kwa bei ndogo. Kufikia 1963 General Motors ikaiacha.

Pembeni kidogo: huko Australia kampuni ya Repco ilichukua bloku ya Oldsmobile hiyohiyo, ikaijenga upya kuwa injini ya mashindano ya lita 3, na Jack Brabham akaitumia kuwa bingwa wa dunia wa Formula One mwaka 1966, kwa gari lenye jina lake mwenyewe. Injini iliyotupwa!

Sasa aingie William Martin-Hurst, mkurugenzi mtendaji wa Rover. Alikuwa safarini Marekani, katika karakana za kampuni ya injini za boti ya Mercury, jimbo la Wisconsin, akijaribu kuwauzia injini za Rover. Sakafuni akaona injini ndogo nzuri imelala, akauliza ni ya nini. Ilikuwa ile V8 ya Buick, waliitoa kwenye gari ili waitie kwenye boti. Akaipima kwa macho, kisha akaipima kwa kamba, akaona inaingia kwenye magari yake. Mwanzoni mwa 1965 Rover ilipata leseni ya kuitengeneza. Hata Joe Turlay, mhandisi wa Buick aliyekuwa karibu kustaafu, alikwenda Uingereza kuwasaidia. Rover walibadilisha namna ya kumimina bloku, wakaweka kabureta za SU, na mwaka 1967 injini ikaanza kazi kwenye saluni zao kubwa. Mwaka 1970 ikaingia kwenye Range Rover, na hapo ndipo hata sisi tulipoifahamu, maana sauti ya zile Range Rover za zamani zilizotembea Nairobi na mbugani ilikuwa sauti ya Buick hii. Land Rover iliendelea kuitumia, ikipanuliwa hadi lita 4.6, mpaka 2004. Miaka arobaini na zaidi tangu Wamarekani waione haifai.

Tuje Triumph. Katikati ya miaka ya 1960 mchoraji wa magari wa Italia, Giovanni Michelotti, aliomba Triumph wampe saluni moja kuukuu aifanye gari la maonyesho. Harry Webster, mkuu wa uhandisi wa Triumph, alimpa kwa sharti kwamba akipendezwa na matokeo atayachukua. Alipendezwa, akayachukua. Ndiyo Stag: viti vinne, paa la kufunguka, na upinde wa chuma wa umbo la T juu ya vichwa vya abiria ili gari lisijipinde. Mimi nilipoona picha yake mara ya kwanza nilidhani ni gari la bei mara tatu ya ile iliyouzwa.

Triumph walitaka injini yao wenyewe. Walikuwa wakitengeneza injini ya silinda 4 iliyolala upande, ile waliyoiuzia pia Saab ya Uswidi kwa ajili ya Saab 99. Wazo lilikuwa la kiprogramu kabisa: chukua moduli moja iliyokwisha kuandikwa, iunganishe na nyingine kama hiyo, upate V8. Vifaa vile vile, mashine zile zile. Injini ilianza ikiwa ya lita 2.5, wakaona haina nguvu ya kutosha, wakaipanua hadi sentimita za ujazo 2997, nguvu za farasi 145.

Lakini tazama kalenda. Triumph ilikuwa mali ya Leyland tangu 1961. Mwaka 1967 Rover nayo ikanunuliwa na Leyland. Mwaka 1968 zote zikaunganishwa na kina MG na Austin chini ya jina British Leyland. Yaani miaka miwili kabla Stag haijauzwa, kampuni moja ilikuwa na injini mbili za V8 za ukubwa unaokaribiana: moja iliyokwisha kufanya kazi barabarani, nyepesi, yote aluminiamu, na nyingine ambayo bado ilikuwa inapikwa. Hata Spen King, aliyeshika nafasi ya Webster pale Triumph mwaka 1968, alikuwa mtu wa Rover! Swali lililoulizwa wakati huo na linaloulizwa mpaka leo ni kwa nini hawakutia ile ya Rover. Majibu yaliyotolewa ni mawili. Kwanza, kwamba haingii kwenye Stag. Pili, kwamba Rover isingeweza kutengeneza za kutosha kwa magari yote. La pili lina uzito, maana Rover ilikuwa na wateja wake tayari. La kwanza, kama mtakavyoona, lilijibiwa na watu wenye spana. Mimi naongeza la tatu, ambalo yeyote aliyefanya kazi kwenye kampuni mbili zilizounganishwa atalitambua: kila ofisi inapenda kazi ya mikono yake. Ule ugonjwa wa "hatukuubuni sisi".

Stag ilizinduliwa Juni 1970. Watu waliipenda. Kisha ikaanza kuchemsha.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ni orodha ya makosa ambayo hakuna hata moja lililotosha peke yake kuua injini. Pampu ya maji ilikuwa juu, katikati ya bonde la ile V. Mfumo ukipungukiwa na maji kidogo tu, pampu ndiyo inayokauka kwanza. Inazunguka kwenye hewa, maji hayatembei, na dereva anaweza asijue mapema kwa sababu kipimo cha joto kinapima maji, si chuma. Mchanga wa kalibu ulibaki ndani ya njia za maji za baadhi ya bloku, ukasogea polepole hadi kwenye rejeta. Hedi zilikuwa za aluminiamu juu ya bloku ya chuma, na metali mbili ndani ya maji yasiyo na dawa huanza kulana. Zilifungwa kwa safu mbili, moja ya bolti zilizosimama wima na nyingine ya vyuma vilivyoinama kwa pembe. Vile vilivyoinama vilishikwa na kutu ndani ya aluminiamu, na kwa kuwa safu hizo haziendi sambamba, hedi haitoki mpaka vyote vichomolewe. Mafundi wamekesha juu ya hedi za Stag wakipiga nyundo na kulaani. Cheni za kuzungusha kemshafti zilikuwa ndefu na za safu moja. Zikilegea na kuruka meno, valvu zinagonga pistoni na hapo hakuna mjadala tena. Wajuzi wanashauri zibadilishwe kila maili 25,000 hivi, yaani kilomita 40,000.

Sasa ongeza binadamu. Mwenye gari anaongeza maji ya bomba badala ya dawa. Gereji haijafundishwa injini mpya. Kiwanda kina migomo na haraka, na ukaguzi unalegea. Gasketi inaungua, hedi inapinda, fundi anabadilisha gasketi bila kuosha bloku, baada ya miezi michache gari liko barabarani tena linatoa mvuke. Mwaka 1973 Triumph iliacha kuiuza Stag Marekani, soko ambalo gari hilo lilibuniwa likilikusudia. Ilipokoma kutengenezwa mwaka 1977 yalikuwa yametoka karibu magari 26,000 tu.

Wakati huohuo, upande wa pili wa kampuni hiyohiyo, mtu mmoja alikuwa anawaonyesha njia. Ken Costello, dereva wa mashindano, alianza karibu mwaka 1970 kutia ile V8 ya Rover kwenye MGB, gari dogo la michezo lililokuwa na injini ya chuma ya silinda 4. Kwa kuwa V8 ile ni aluminiamu, uzito haukupishana sana na ule wa injini ya chuma, na gari halikulemewa mbele. Akawa anayauza. British Leyland wakaomba kuliona moja, wakalichunguza, na Agosti 1973 wakatoa lao: MGB GT V8. Walitumia injini iliyokuwa dhaifu kuliko ya Costello, nguvu za farasi 137, wakaliuza kwa paa lililofungwa pekee, na kufikia 1976 wakawa wameacha baada ya magari 2,591. Kitu kimoja walichokiacha nyuma kina thamani hadi leo: nafasi ya injini ya MGB zilizofuata ilichongwa ili V8 iingie, kwa hiyo zile zenye bampa nyeusi za mpira, ambazo watu walizidharau kwa sura, zikawa kipenzi cha wanaobadilisha injini nyumbani.

Wenye Stag waliona hayo yote. Gari lao limesimama, gereji inataka pesa nyingi kwa injini itakayochemsha tena, na kwenye uwanja wa magari mabovu mtaa wa pili kuna saluni ya Rover iliyooza bodi lakini injini inawaka. Wakachukua spana. Wengine walitia V6 ya lita 3 ya Ford, wengine silinda 6 ya Triumph yenyewe ya lita 2.5, lakini wengi waliitaka V8, kwa hiyo Rover. Na ikaingia. Si kwa kuteleza kama mkono kwenye glavu, la. Mihimili ya kushikilia injini lazima ibuniwe upya. Mabomba ya moshi yanagombania nafasi na usukani. Kabureta zinakaribia kugusa boneti. Giaboksi inahitaji kuunganishwa, na wengi walitia ile ya gia tano ya Rover ya 1976. Sehemu ya mbele inakuwa nyepesi, gari linainua pua, inabidi springi zibadilishwe. Ukimaliza, nyaya za umeme, mita ya mizunguko, kebo ya mafuta. Ni kazi ya miezi kwa mtu wa wikendi. Lakini "haiingii" lilikuwa jibu la ofisini. Kukawa hata na watu waliouza vifaa kamili vya kazi hiyo, ufungue kisanduku na ufuate maelekezo.

Ukinisikiliza mpaka hapa utadhani nitasema wenye spana walishinda. Hata mimi niliamini hivyo kwa muda. Kisha nikaanza kusoma wale waliokataa kubadilisha.

Hao walikuwa wachache mwanzoni, wabishi, waliojikusanya kwenye klabu na kuandikiana barua. Badala ya kuuliza "nitie injini gani?" waliuliza "maji yanakwenda wapi?" Wakavua injini, wakaosha bloku mpaka mchanga ukaisha. Wakaweka rejeta zenye uwezo zaidi, wakahakikisha dawa ya rejeta haikosi kipupwe wala kiangazi, wakaongeza kengele ya kuonya maji yanapopungua. Cheni wakabadilisha kwa ratiba bila kungoja zilie. Vile vyuma vilivyoinama wakavipaka dawa ya kuzuia kushika. Hakuna hata moja hapo linalohitaji kipaji. Na injini ikaacha kuchemsha. Kwa hao, injini ya Stag ina sauti nzuri kuliko ya Rover, inapenda kuzunguka, na inasafiri Ulaya nzima wakati wa likizo bila kelele.

Wana ushahidi mwingine wa kuwaunga mkono. Ile nusu ya V8, silinda 4 waliyouziwa Saab, kuanzia 1972 Saab walianza kuitengeneza wenyewe kwa marekebisho yao. Wakaitia turbo. Kizazi chake kiliendelea miongo mingi na kikapata sifa ya kudumu. Damu ni ileile. Tofauti ni nani alikaa nayo akairekebisha kidogo kidogo.

Nakiri hili liliniuma kwa sababu zangu. Kuna mahali niliwahi kuajiriwa ambapo mfumo wetu ulikuwa unakwama kila mwisho wa mwezi. Tukaamua kuutupa na kuandika upya kwa lugha mpya, na mimi nilikuwa mmoja wa waliopiga kelele zaidi. Miezi minane. Mwisho wa mwezi wa kwanza, mfumo mpya ukakwama palepale. Jedwali moja kwenye hifadhidata halikuwa na faharasa. Amri ya mstari mmoja. Tungeitafuta kwa siku mbili mwanzoni tungeipata, lakini hakuna aliyetaka kufungua mtambo wa zamani, sote tulitaka injini mpya.

Hata hivyo siwezi kuwalaumu waliotia Rover. Mwaka 1982, ukiwa na Stag iliyokufa ambayo hakuna anayeitaka, chaguo halikuwa injini halisi au injini ngeni. Lilikuwa injini ngeni au chuma chakavu. Magari mengi yaliyopo leo yako hai kwa sababu mtu fulani hakujali uhalisia. Bodi, upinde wa T, viti, vyote vilingoja salama juu ya injini ya Buick mpaka maarifa ya kurekebisha ile ya asili yakasambaa.

Na sasa soko limegeuka. Stag yenye injini yake inauzwa ghali kuliko iliyobadilishwa, kwa hiyo kuna watu wanaofanya kazi ile ile kinyume: wanaitoa Rover, wanatafuta V8 ya Triumph, wanarudisha. Serikali nayo imetia mkono. Mwaka 2018 Uingereza ilipoyaondolea magari yaliyopita miaka 40 ukaguzi wa lazima wa kila mwaka, iliweka sharti kwamba gari lisiwe limebadilishwa sana katika miaka 30 iliyopita, na injini ni kati ya vitu vinavyotazamwa. Mabadiliko yaliyofanywa wakati gari lilipokuwa likitengenezwa, au ndani ya miaka 10 baada ya kukoma, yalikubaliwa. Kwa Stag hiyo ni hadi 1987. Kwa hiyo risiti ya mafuta machafu ya 1984 kutoka gereji iliyofungwa zamani inaweza kuwa karatasi muhimu kuliko zote kwenye faili la gari.

Ukiwa unanunua Stag leo (najua msomaji wangu mmoja aliye Uingereza anaifikiria, nakuona), usianze kwa kuuliza injini ni ya nani. Iache ipoe kabisa, fungua kifuniko cha maji, utazame rangi. Kisha uliza cheni zilibadilishwa lini na kama hedi zimewahi kutoka. Kama ni ya Rover, lala chini uangalie mihimili ilichomelewa na mtu mwenye mkono mzuri au na jirani, na kama mabomba ya moshi yamepita mbali na nyaya. Uliza pia kama ile injini ya asili ipo. Baadhi ya waliobadilisha hawakuitupa. Waliifunika turubai kwenye kona ya banda, hedi zikiwa bado zimeng'ang'ania bloku, na kuna wajukuu wanaoirithi leo pamoja na gari.

Ikirudishwa mahali pake, ile ya Rover haikai chini muda mrefu. Inatangazwa, na kabla wiki haijaisha amekuja mtu na pikapu kuibeba, mara nyingi mwenye MGB.